Mlango wa Maji

Vitabu vya fiqhi huanza na maji. Kabla ya sala, zaka, ndoa wala mirathi, mwanafunzi huketishwa kwanza kwenye mlango wa maji: yapi yanafaa kutawadhia, yapi hayafai, na kitu gani kikiingia ndani yake huyaharibu. Baba yangu, Mungu amrehemu, aliusomesha mlango huo barazani kwetu Ngamiani, Tanga, kwa kile kitabu kidogo cha Safina ambacho watoto wengi wa pwani wamekipitia. Wasichana tulikaa upande wa ndani, nyuma ya pazia, na tulihifadhi upesi kuliko wavulana kwa sababu hakuna aliyetushikia bakora. Baadaye nilisomea ufundi wa maabara, nikafanya kazi hospitalini mpaka nikastaafu, na huko nikafundishwa usafi wa namna nyingine kabisa. Leo nina mabomba ya saladi na mrehani uani kwangu, mizizi imening'inia ndani ya maji bila punje ya udongo, na elimu zote mbili zimekutana humo. Hazikuelewana.

Swali linalozigombanisha ni moja: kitu kuwa safi, je, ni kuwa peke yake?

Maabara hujibu ndiyo. Kazini kwetu kulikuwa na hali mbili tu. Koleo likitoka kwenye otoklevu, limepigwa mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika 15, halina kiumbe hai hata mmoja. Likigusa ukingo wa meza limeshaharibika, hata kama meza yenyewe imefutwa kwa spiriti dakika hiyo hiyo. Hakuna la katikati. Sheria hiyo ni sahihi na imeokoa watu wengi. Anayeibishia na asome habari za wodi za upasuaji za Uingereza kabla ya Joseph Lister kuanza kusafisha vidonda kwa dawa, miaka ya 1860. Ila mtu akiishi na sheria hiyo miaka mingi humwingia mwilini. Mpaka leo nafungua milango ya vyoo kwa kiwiko, na wajukuu zangu wananiigiza.

Fiqhi ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya watu wetu wa pwani, ina hali tatu. Yako maji yaliyo twahara na yanayotwaharisha: ya mvua, ya kisima, ya mto, ya bahari. Yako maji najisi. Na baina yake yako maji yaliyo twahara yenyewe lakini hayamtwaharishi mtu, kama yale yaliyochanganyika na kitu safi mpaka ladha au rangi ikageuka sana. Maji ya mabomba yangu ni ya fungu hilo la kati. Nimeyatia chumvi za naitreti, za potasi, za kalisi na za magnesi; yakinirukia kwenye kanga nasali nayo, lakini sitawadhi kwayo. Baba angelipenda sana swali hilo, angelimaliza darasa zima juu yake.

Halafu kuna hesabu ya qullatayni. Maji yakifikia kiasi hicho, ambacho wengi siku hizi hukikadiria kuwa lita 216 hivi, najisi ikiingia hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Yakiwa pungufu, hunajisika kwa kuguswa tu. Tangi langu ni la lita 500, kwa hiyo limevuka. Na katika Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, yamo mambo mawili ambayo nilipokuwa msichana niliyaona madogo. La kwanza, maji yaliyogeuka kwa kukaa sana, kwa tope, au kwa ule utando wa kijani unaoota ndani yake, hayana ubaya. La pili, najisi ambayo jicho haliwezi kuiona imesamehewa. Katika hili la pili wanazuoni walikuwa wamehitilafiana, na Nawawi akaupa nguvu upande wa msamaha.

Niseme mapema ili nisichanganywe na wengine: siwapendi wahubiri wanaoshika kipaza sauti na kudai kwamba kila kitu cha sayansi kilikuwa kimeshaandikwa kitabuni. Nawawi hakuwajua bakteria. Karne nne zilipita kabla ya Antoni van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa Delft, kuwaona viumbe hao kwenye tone la maji na kuwaandikia wataalamu wa London mwaka 1676. Mafakihi walichokijua vizuri ni binadamu. Walijua kwamba ukimwambia mtu maji ni safi pale tu ambapo hamna chochote ndani yake, hatamaliza udhu mpaka jua lichwe.

Kuna kisima cha Madina kilichoitwa Budhaa. Masahaba walimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama wanaweza kutawadhia maji yake, maana kilikuwa kikitupiwa mizoga na matambara ya hedhi, naye akawajibu kuwa maji ni twahara. Abu Daudi, mkusanyaji wa hadithi wa karne ya 9, hakutosheka na kupokea habari. Alikwenda mwenyewe, akatandaza shuka yake juu ya mdomo wa kisima, akaipima kwa mkono: dhiraa sita. Akamuuliza mtu aliyemfungulia mlango wa bustani kama kisima kimejengwa upya tangu zamani zile, akaambiwa hapana. Akatazama ndani, akaona maji yamegeuka rangi, na hilo pia akaliandika. Nikisoma habari hiyo namwona fundi maabara mwenzangu: mtu na kipimo chake, anaandika alichokiona hata kikimletea maswali.

Sasa nirudi uani.

Mabomba niliwekewa na mtoto wa kaka yangu, kijana aliyesomea kilimo. Ni mabomba ya PVC ya inchi nne yaliyotobolewa matundu, na kila tundu lina kikombe cha plastiki chenye makumbi ya nazi yaliyosagwa. Pampu ndogo huyasukuma maji kutoka tangini, yakapita chini ya mizizi, yakarudi. Mrehani nauza kwa wanaotengeneza vikuba. Saladi huchukuliwa na wenye hoteli. Makumbi hayo niliyaosha mara nyingi kwa maji ya mvua, kwa kuwa yana chumvi. Na hapo nikakumbuka wanawake wa Unguja wanaofukia makumbi kwenye tope la pwani kwa miezi mingi, bahari ikija na kutoka juu yake, mpaka yaoze sawasawa ndipo wayapige na kusokota kamba za usumba. Wanaofanya kazi kubwa ndani ya lile tope ni bakteria. Wanawake wale hawajapata kuitakasa pwani kwa dawa, wala kamba zao hazikatiki.

Kijana alikuwa na msimamo. "Shangazi," aliniambia, "uzuri wote wa haidroponiki ni kuuondoa udongo na balaa zake. Humu ndani unatakiwa mmea, maji na mbolea. Basi." Na kweli akatia klorini tangini kabla ya kupanda. Nilimwelewa vizuri mno; aliongea lugha ya kazini kwangu.

Msimamo wake una ukoo mrefu. Miaka ya 1860, Wajerumani Julius von Sachs na Wilhelm Knop walikuza mimea ndani ya chupa za maji yaliyotiwa chumvi chache zilizopimwa, wakaonyesha kwamba mmea unaweza kukua hadi kuzaa mbegu bila udongo. Mwaka 1929 William Gericke wa Chuo Kikuu cha California akapendekeza jambo hilo litoke chupani liwe kilimo. Walilothibitisha ni kweli tupu: mmea haudai udongo. Unadai maji, hewa, mwanga na madini. Kilichopita kimya kimya nyuma ya ukweli huo ni dhana nyingine, kwamba kwa kuwa mmea haudai udongo, basi haudai mtu yeyote aliyekuwa akiishi udongoni. Ni mambo mawili tofauti.

Ikaja kaskazi. Tangi lilikuwa juani, na mchana kipimajoto changu kilisoma nyuzi 31. (Mafakihi wa Kishafii wanayachukia maji yaliyopashwa joto na jua katika vyombo vya madini, kwa kuhofia madhara ya ngozi. Tangi langu ni la plastiki, lakini nilitabasamu.) Maji ya moto hayashiki hewa: yenye nyuzi 20 hubeba karibu miligramu 9 za oksijeni kwa lita, na yakipita 30 hushuka chini ya 8. Umeme ukikatika, pampu ikinyamaza, mizizi huimaliza hata hiyo iliyopo. Siku moja mrehani ukalegea wote, majani yameinamia chini, na maji yamejaa mpaka shingoni. Mmea unakufa kwa kiu ndani ya maji.

Nilichomoa mche. Mizizi ilikuwa ya kahawia, ina utelezi na uvundo. Niliushika mmoja kwa kucha na kuuvuta taratibu: ganda lake lote likavuka, ukabaki uzi mweupe wa ndani, mwembamba, usio na kazi tena. Nina hadubini ya kizamani niliyoinunua mnadani. Kipande cha lile ganda kikanionyesha nyuzi zisizo na vipingili zikipita seli kwa seli, na humo humo vidonge vya duara vyenye kuta nene. Nikaweka tone la maji masafi, nikaweka na ncha ya mzizi mzima pembeni, nikasubiri. Baada ya muda zikatoka mbegu zinazoogelea, kila moja na mikia yake miwili. Zilikuwa zikizunguka, zikisita, zikizunguka tena, kisha zikaelekea kwenye ule mzizi mzima. Mzizi huvuja sukari na asidi, na mbegu zile hufuata harufu hiyo ndani ya maji.

Huyo ni pithiamu. Wakulima humwita kuvu, lakini ukoo wake uko karibu zaidi na mwani wa kahawia kuliko uyoga. Ni kiumbe wa majini, kwa hiyo mabomba yetu yanayozungusha maji yale yale kutoka mche hadi mche ni barabara ya lami kwake.

Kijana alifanya alichofundishwa. Alimwaga maji yote, akasugua mabomba kwa klorini, akasuuza, akajaza upya, tukapanda miche mipya. Ikaanguka upesi kuliko ile ya kwanza.

Lakini ilikuwepo ndoo moja nyuma ya jiko, ina mche wa mrehani niliokuwa nimeutenga kwa mbegu. Haikutiwa klorini kwa sababu hakuna aliyeikumbuka. Maji yake yalikuwa ya rangi ya makumbi, pembeni pameota utando wa kijani, ndoo imekaa kivulini kutwa. Mmea ulikuwa umesimama. Nilikata mzizi wake, nikaupaka rangi kwa njia ya Gram, ile tuliyokuwa tukiitumia kila siku kwa makohozi na usaha, nikaweka tone la mafuta na kutazama kwa lenzi kubwa. Vijiti vyekundu vilikuwa vimejipanga kwenye ubavu wa kila unywele wa mzizi, vimejaa, hakuna nafasi ya kupenyeza sindano.

Nilisimama pale mezani muda mrefu. Miongoni mwa vijiti vyekundu wanaopenda mizizi ni ukoo wa sudomonasi. Na sudomonasi mimi namjua. Mmoja wa ukoo huo ndiye anayewaingia watu walioungua moto, akageuza usaha kuwa wa kijani. Tulimfukuza kwenye sinki, kwenye mirija, kwenye chupa za dawa, na bado alirudi. Ndugu zake wengine wanaishi mizizini na hawana habari na vidonda. Wanakula sukari inayovuja, wanatoa kemikali inayokamata madini ya chuma hata yale machache yaliyomo majini, na adui anayehitaji chuma hicho ili aote anakikosa. Baadhi yao hutengeneza dawa za kuua wapinzani. Mzizi mzima uliokaliwa hivyo ni daladala iliyojaa abiria wanaofahamiana: kibaka anaweza kupanda, lakini hana pa kukaa wala pa kutia mkono. Kijana wangu alikuwa ameshusha abiria wote na kuliacha gari kituoni, milango wazi.

Mjerumani Lorenz Hiltner alilisema hili kwa udongo tangu mwaka 1904: kwamba ukanda mwembamba unaouzunguka mzizi una wakazi wake, na afya ya mmea inategemea wakazi hao ni akina nani. Kwa kilimo kisicho na udongo ilichukua muda zaidi kukubalika. Karibu na mwaka 2000 watafiti wa Uholanzi walilinganisha matango yaliyopandwa kwenye pamba ya mawe iliyotakaswa na yaliyopandwa kwenye ile iliyokwisha tumika bila kutakaswa, yote yakapelekewa pithiamu. Yaliyougua zaidi ni ya kwenye pamba iliyotakaswa. Na pamba hiyo iliporudishiwa vijidudu vyake, kinga ikarudi nayo.

Katika Bukhari na Muslim imo habari ya nabii mmoja wa kale aliyeumwa na chungu, akaamuru kichuguu kizima kichomwe moto. Mola wake akamlaumu: mmoja ndiye aliyemuuma, naye ameteketeza umma uliokuwa ukimsabihi Mungu. Nimeisikia hadithi hiyo tangu utotoni, na kila mara ilisomeshwa kama funzo la huruma kwa wanyama. Sikatai. Lakini nikiwa na dumu la klorini mkononi niliona kwamba ndani yake mna hoja ya akili pia. Nabii yule alikosea hesabu. Hakuuliza nani ameniuma. Aliuliza wanaofanana naye wako wapi. Na katika mabomba yangu kufanana hakusaidii kitu. Hata huyo pithiamu ana ndugu, jina la ukoo ni lile lile, ambaye chakula chake ni kuvu waharibifu na pithiamu wenzake. Ulaya wakulima humtia makusudi kulinda mizizi. Ukichoma kwa ukoo, umechoma mwizi na mlinzi.

Je, bakteria ni umma? Qurani inawaita wanyama wa ardhini na ndege wa angani kuwa ni umma kama sisi, na inasema kila kitu kinamsabihi Mungu ingawa hatuelewi tasbihi yake. Wafasiri walikuwa wakizungumzia wanavyoviona. Mimi sitii neno vinywani mwao. Nasema tu kwamba aliyekubali jiwe kuwa linasabihi hana sababu ya kumkatalia bakteria. Basi je, otoklevu ni dhambi? Hapana, na sitaki mtu anisomee hivyo. Mama anayepasuliwa kutoa mtoto ana haki juu ya kila bakteria duniani. Lakini kanuni ya wanazuoni wetu ni kwamba dharura haivuki kiasi chake. Chumba cha upasuaji ni dharura. Ua wangu wa mrehani si chumba cha upasuaji, na kosa ni kuichukua sheria ya kule na kuitawaza huku.

Hata huko kwenye afya ya watu, habari si moja. Mwaka 1892 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 8,000 mjini Hamburg. Altona, mji uliopakana nao kiasi kwamba mipaka ilipita katikati ya mitaa, ulinusurika kwa sehemu kubwa, na huku ulikuwa ukichota maji ya mto Elbe upande wa chini, baada ya taka za Hamburg kuingia. Robert Koch alieleza tofauti: Altona walipitisha maji polepole kwenye vitanda vya mchanga, Hamburg waliyanywa vile vile. Na kinachochuja kwenye mchanga wa namna hiyo si mchanga mtupu. Juu yake huota utando telezi wa viumbe hai, na wao ndio wanaokula wageni. Kitanda kipya, kisafi, kinachuja vibaya; hakina budi kungojewa mpaka kikomae. Watu wa Altona waliokolewa na uchafu, kama mtu anapenda kuuita hivyo.

Nimejenga pipa kama hilo. Ni pipa la lita 200, chini kokoto, juu mchanga wa mto Zigi uliooshwa, maji yanashuka taratibu kabla ya kurudi tangini. Tangi nimelihamishia kivulini na kulifunika kwa makuti. Mche wa nyuma ya jiko niliukata vipande vya mizizi nikavitia tangini pamoja na maji yake. Mtoto wa kaka yangu aliguna, ila kwa adabu.

Alikuwa na hoja, na ni nzuri. "Shangazi, mbona migomba ya maabara inaota ndani ya chupa bila bakteria hata mmoja? Ina afya, majani ya kijani kabisa." Ni kweli, nimeiona. Lakini tazama chupa ile kwa makini. Imezibwa. Mche unalishwa sukari, kwa kuwa humo ndani haujitengenezei chakula cha kutosha. Mtu mwenye glavu na taa ya spiriti ndiye anayeuhamisha. Na siku ukitolewa, haupelekwi shamba. Unawekwa kivulini kwenye unyevu kwa wiki kadhaa ufundishwe kuishi, la sivyo unanyauka. Mmea ule haujaacha kutegemea wengine. Umebadilishiwa wa kuwategemea. Kazi waliyokuwa wakiifanya maelfu bila ujira sasa inafanywa na mwajiriwa mmoja, na akiumwa huyo, chupa zote ziko hatarini. Kwa hiyo kuwa peke yake kunawezekana, sikatai, ila kuna mtu nje ya chupa anayekulipia.

Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi ni gharama tu." Nikamwambia, mwanangu, karibu kila kitu tunachokiita usafi kamili ni gharama anayoibeba mtu asiyeonekana. Muulize anayefua mashuka ya hospitali.

Waumini nao wako wanaotaka otoklevu. Nimewaona wa aina mbili. Kuna yule wa waswasi, anayeosha mkono mpaka kiwiko, anarudia, anatilia shaka, anarudia, jamaa wameshatoa salamu na yeye bado yuko birikani. Huyo namwonea huruma. Ni ugonjwa, na wanazuoni walimkemea mapema. Ibn Qudama, aliyefariki mwaka 1223, aliandika risala nzima kuwalaumu watu wa waswasi. Wa pili simwonei huruma. Ni yule anayetaka mtaa uwe wa waumini wa aina yake tu, msikiti uwe wa watu wa darasa lake tu, mwanawe asile kwa jirani. Akisikia Ngamiani wako Wadigo na Wabondei, Wasegeju na Wasambaa, Waislamu na Wakristo, na kwamba siku ya msiba wote hukaa mkeka mmoja, anaona uchafu. Anataka imani iliyotakaswa. Anasahau kwamba nyumba zilizolindana humu mtaani, mtoto akipotea au mzee akianguka, zililindwa na hao hao anaotaka kuwaondoa. Akishawaondoa, atakayeingia hatapiga hodi.

Fiqhi niliyofundishwa nyuma ya pazia haikuwa ya mtu huyo. Iliyapa maji mengi uvumilivu kuliko maji machache. Ilisamehe lisiloonekana. Iliuacha utando wa kijani. Iliweka fungu la kati kwa ajili ya vitu vilivyo safi lakini visivyofaa kwa ibada, ikamruhusu mtu kuishi navyo bila hofu. Na palipokuwa na najisi yenyewe, yenye rangi, ladha na harufu, ilisema wazi kwamba hiyo ni najisi, iondoe. Mimi pia mche wenye mizizi ya kahawia nauchomoa siku hiyo hiyo na kuuchoma. Kuvumilia wakazi si kumvumilia muuaji.

Mrehani wa sasa umesimama. Kaskazi nyingine itakuja na umeme utakatika tena, na pithiamu yumo tangini, hajaondoka. Nimemwona kwenye hadubini mara chache, amebanwa. Sitafuti siku ambayo hatakuwepo.

Kwa walimu wa vyuo vyetu nina ombi. Mkifika mlango wa maji, msiupite mbio kukimbilia nguzo za udhu. Wapelekeni watoto wakaone kisima, tangi na bwawa, waulizeni ni yapi kati ya mafungu matatu, na waacheni wabishane. Na kwa walimu wa kilimo: kabla ya kumuuzia kijana taa na dawa za kuua kila kilichomo majini, mfundisheni kwanza kuliweka tangi kivulini, kuingiza hewa ndani ya maji, na kutengeneza pipa la mchanga. Klorini ibaki chooni na kwenye maji ya kunywa wakati wa kipindupindu, ambako tunaihitaji kweli.